Madirisha ya vioo vya rangi ya enzi ya Malkia Victoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo watu huuliza tena na tena kuhusu madirisha ya vioo vya rangi yaliyotengenezwa Uingereza katika karne ya 19. Wengi huanza kwa kuulizia wachoraji wenye majina. Wamo humu, lakini nafasi kubwa imeachiwa karakana: mkataji, mpaka rangi, mchomaji wa tanuri na mfungaji wa risasi, ile metali laini ya kijivu. Bila hao hakuna dirisha.

## Mambo ya msingi

Dirisha la vioo vya rangi ni nini hasa? Ni picha iliyochorwa juu ya kioo?

Hapana. Ni vipande vingi, mara nyingi mamia, ambavyo kila kimoja kimekatwa kutoka bapa la kioo lenye rangi yake, kisha vikaunganishwa kwa mikanda ya risasi. Mistari myeusi unayoiona ikizunguka joho la mtakatifu au jani la mzabibu ndiyo risasi yenyewe. Inashika vioo pamoja, na papo hapo inachora. Fundi hodari huipitisha mahali ambapo mchoraji angepiga mstari kwa vyovyote: ukingoni mwa mkono, chini ya taya, kwenye mkunjo wa nguo. Fundi dhaifu huiacha ikate uso katikati.

Macho, nywele, vidole na darizi za nguo hupakwa kwa rangi ya kahawia au nyeusi na kuchomwa. Hilo lina swali lake huko chini.

Enzi ya Victoria ni miaka ipi?

Malkia Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901. Kwa upande wa vioo mipaka hiyo si ya kukazia sana: Thomas Willement, anayehesabiwa miongoni mwa waanzilishi, alikuwa kazini miaka mingi kabla ya 1837, na karakana kadhaa ziliendelea na mtindo uleule hadi karne ya 20.

Nimesoma kwamba ufundi huu ulikuwa umepotea. Ni kweli?

Haukupotea kabisa, ila ulikuwa umeacha njia yake. Mafundi wa Enzi za Kati walitumia kioo kilichotiwa rangi kikiwa bado kimeyeyuka, wakakikata na kukifunga kwa risasi. Mageuzi ya kidini ya karne ya 16 yaliondoa wateja, na misukosuko ya miaka ya 1640 ikavunja madirisha mengi yaliyosalia. Mafundi waliobaki walizoea kupaka rangi za enameli juu ya vioo vyeupe (yaani visivyo na rangi) vya mraba, kana kwamba wanachora turubai.

Mfano maarufu ni dirisha kubwa la magharibi katika kanisa la New College, Oxford, lililotengenezwa na Thomas Jervais kwa mchoro wa Sir Joshua Reynolds mwishoni mwa karne ya 18. Kama picha ni ya ustadi mkubwa. Kama dirisha, limezuia mwanga badala ya kuupitisha, kwa sababu enameli nzito hufunga kioo. Watu wa enzi ya Victoria waliona kasoro hiyo na wakarudi kutafuta njia ya zamani.

Kwa nini ghafla yalihitajika madirisha mengi kiasi kile?

Miji ya viwanda ilikuwa inakua na makanisa mapya yalijengwa kwa kasi. Makanisa ya kale nayo yalikarabatiwa, na mtindo uliotawala ulikuwa ule wa Gothic, wenye madirisha marefu yanayodai rangi. Mwaka 1839 wasomi wa Cambridge waliunda chama kilichosisitiza kwamba kanisa halisi lazima lifuate mfano wa Enzi za Kati, na neno lao lilisikilizwa na mapadre wengi wa Kianglikana.

Kisha kuna kodi. Ushuru wa kioo ulifutwa mwaka 1845 na kodi ya madirisha mwaka 1851. Kioo kikawa nafuu. Na zaidi ya yote, familia zilianza kuwakumbuka marehemu wao kwa dirisha badala ya bamba la marumaru ukutani. Karakana moja ya Newcastle, ya William Wailes, iliyoanza mwaka 1838, ilikuwa na wafanyakazi 76 kufikia 1851.

## Kioo na rangi

Rangi ya kioo inatoka wapi?

Inatoka kwenye oksidi za metali zinazochanganywa na mchanga na magadi tanurini. Kobalti hutoa bluu. Shaba hutoa kijani au nyekundu, kutegemea moto ulivyoendeshwa. Manganizi hutoa zambarau, na dhahabu kidogo sana hutoa waridi.

Nyekundu ina taabu yake. Kioo chekundu cha unene wa kawaida huonekana karibu cheusi, mwanga haupiti. Kwa hiyo mpulizaji huchovya donge la kioo cheupe katika kioo chekundu kilichoyeyuka na kulipuliza, wekundu ukabaki utando mwembamba juu ya weupe, kama siagi juu ya mkate. Utando huo ukiliwa na asidi mahali fulani, weupe hutokea chini yake. Ndiyo njia ya kupata simba mweupe kwenye ngao nyekundu bila kuongeza risasi.

Bapa la kioo lilitengenezwaje?

Fundi alipuliza donge likawa silinda ndefu, akakata ncha zote mbili, akaipasua kwa urefu na kuilaza tanurini mpaka ikafunguka na kuwa bapa. Alama za kazi hiyo unaziona bado: mapovu, mawimbi, unene usiolingana.

Mbona madirisha mengi ya miaka ya 1840 yanaonekana mepesi na makali machoni?

Kwa sababu kioo chake kilikuwa safi kupita kiasi. Viwanda vya wakati ule vilijivunia kioo chembamba, laini, kisicho na doa. Mwanga hupenya moja kwa moja, bluu inaumiza macho, nyekundu inapayuka.

Aliyelisumbukia jambo hili kuliko wote hakuwa fundi. Alikuwa wakili, Charles Winston, ambaye muda wake wa ziada aliutumia kupanda ngazi makanisani akinakili madirisha ya kale. Mwaka 1847 alichapisha utafiti wake juu ya mitindo ya vioo vya zamani, kisha akahakikisha vipande vya kioo cha kale vinapimwa na mkemia ili ijulikane vina nini. Matokeo aliyapeleka kwa James Powell and Sons, kiwanda cha Whitefriars jijini London, na katika miaka ya 1850 wakaanza kutoa kioo kizito chenye mapovu na rangi iliyokolea. Mwanga ukiingia humo hutawanyika ndani kabla ya kutoka, na rangi ikapata kina.

Ukitaka kujua kwa nini madirisha ya miaka ya 1860 yanapendeza kuliko ya miaka ya 1840, jibu kubwa ni hilo. Wachoraji hawakuwa wamepata kipaji kipya ghafla. Walikuwa wamepata kioo. Mimi humweka Winston juu kuliko wachoraji wengi ambao majina yao yanajulikana zaidi.

Kama rangi imo ndani ya kioo, kwa nini bado kulikuwa na wapaka rangi?

Kwa sababu ya mistari na vivuli. Rangi yao ilikuwa unga wa oksidi ya chuma au shaba uliochanganywa na unga wa kioo laini, ukakorogwa kwa maji na gundi ya mgunga, au kwa siki. Kwanza walichora mistari kwa brashi nyembamba. Kisha walipaka utando mwepesi kote, na kabla haujakauka waliugongagonga kwa brashi pana ya manyoya laini ukawa na vinyweleo. Ukishakauka, waliukwangua kwa kijiti au sindano ili kufungua nuru. Kumbuka hilo ukisimama mbele ya uso wa malaika: mwanga wa shavuni umepatikana kwa kuondoa rangi.

Kioo kilipochomwa kwenye nyuzijoto kama 600 hadi 650 za Selsiasi, uso wake ulilainika kidogo na rangi ikashikamana nao.

Na ile njano ya nywele na mataji?

Hiyo ni chumvi ya fedha. Hupakwa nyuma ya kioo, upande wa nje, na moto ukiipata fedha huingia ndani ya kioo chenyewe na kukipa rangi kutoka ya limau hadi ya kaharabu. Ufundi huu ulijulikana tangu karne ya 14. Faida yake ni kwamba kichwa cheupe chenye nywele za dhahabu kinaweza kuwa kipande kimoja, bila risasi kati ya nywele na paji la uso.

## Ndani ya karakana

Dirisha lilipita hatua gani tangu kuagizwa hadi kusimikwa?

Mteja, mara nyingi padre au familia, alipelekewa mchoro mdogo wa rangi wa kuidhinisha. Ukikubaliwa, fundi alikwenda kupima tundu la dirisha, na vipimo hivyo vilikuwa jambo la kufa na kupona, maana mawe ya kanisa la kale hayana pembe mbili zinazolingana. Kisha mchoro wa ukubwa kamili ulichorwa kwenye karatasi, kila uso na kila kidole mahali pake.

Juu ya mchoro huo ilinakiliwa ramani ya mistari ya risasi peke yake. Mkataji alilaza kioo juu ya ramani na kukata kwa almasi, akiacha nafasi ndogo kati ya kipande na kipande kwa ajili ya moyo wa risasi, yaani ukuta mwembamba wa katikati ya ukanda. Gurudumu dogo la chuma lilipewa hataza Marekani mwaka 1869 na baadaye likachukua nafasi ya almasi. Pembe ngumu zilimegwa polepole kwa koleo.

Vipande vilivyokatwa vilibandikwa kwa nta juu ya bapa kubwa la kioo na kusimamishwa mbele ya dirisha, ili mpaka rangi aone kazi yake mwanga ukipita. Hatua hii naiheshimu sana. Kipande kilichopakwa mezani kwenye karatasi nyeupe humdanganya fundi. Kikisimamishwa mbele ya anga ndipo husema kweli. Baada ya kupakwa vilikwenda tanurini, pengine mara mbili au tatu.

Kisha mfungaji alianza kona moja ya meza, akiingiza kila kipande katika ukanda wa risasi wenye umbo la herufi H, akikizuia kwa misumari mpaka paneli nzima ikamilike. Viungo vyote vililehemiwa, upande wa mbele na wa nyuma, vikiwa vimepakwa shahamu ili lehemu ishike. Mwisho walisugua mchanganyiko wa mafuta ya kitani, unga wa chaki na masizi chini ya midomo ya risasi. Huo ndio unaozuia mvua na kufanya paneli iwe ngumu. Bila huo, risasi hulegea.

Kanisani, paneli zilipandishwa moja juu ya nyingine katika mfereji wa jiwe na kufungwa kwa nyaya za shaba kwenye fito za chuma zilizopita kwa upana.

Je, msanii aliyesifiwa ndiye aliyelitengeneza dirisha kwa mikono yake?

Mara nyingi hapana. Mchoraji Edward Burne-Jones alichora mamia ya michoro kwa ajili ya kampuni ya mbunifu William Morris, lakini rangi za kioo zilichaguliwa zaidi na Morris, na ukataji, upakaji na ufungaji ulikuwa wa mafundi wa karakana. Kwa msanifu majengo A.W.N. Pugin hali ilikuwa ya ajabu zaidi: michoro ilichorwa nyumbani kwake Ramsgate, pwani ya kusini-mashariki, na vioo vikatengenezwa Birmingham. Kila karatasi ilisafiri.

Katika karakana kubwa kulikuwa na mgawanyo mkali wa kazi. Mmoja alipaka vichwa na mikono tu, mwingine nguo, mwingine mapambo ya pembeni. Mpaka rangi wa vichwa alikuwa na hadhi ya juu, na mwanagenzi aliweza kukaa miaka akichora majani kabla hajaruhusiwa kugusa uso. Karibu hakuna hata mmoja wao ambaye jina lake liko kwenye dirisha, na hilo ni deni ambalo historia ya sanaa haijalilipa.

Hiyo si kazi ya kiwanda tu?

Lawama hii ni ya zamani na ina ukweli ndani yake. Ilitumika michoro ileile mara nyingi, hata kwenye kampuni ya Morris, na kuna makanisa ambayo Mchungaji Mwema wao amefanana na wa kijiji cha jirani. Powell wa Whitefriars waliuza hata vioo vidogo vilivyobonyezwa kwenye kalibu na kupigwa chapa, kwa ajili ya makanisa yasiyo na fedha.

Lakini kurudia mchoro hakufanyi mkono urudie. Kioo kilichaguliwa upya, mpaka rangi alikuwa mwingine, mwanga wa upande wa kusini ulidai rangi nzito kuliko wa kaskazini. Nimetazama nakala za mchoro mmoja katika makanisa tofauti, moja ikiwa hai na nyingine imekufa. Tofauti ilitoka karakana.

Uasi halisi dhidi ya mgawanyo huo uliletwa na Christopher Whall, aliyezaliwa 1849. Baada ya kuchoka kuona michoro yake ikitekelezwa na wengine, alijifunza kila hatua mwenyewe, kisha akawafundisha vijana kwamba anayechora na akate. Alipenda kioo kinene kilichobuniwa na msanifu majengo Edward Prior mwaka 1889: kilipulizwa ndani ya kalibu la mraba, kikawa kama chupa, kila upande ukakatwa kuwa bapa nene katikati na jembamba ukingoni.

Wanawake na watoto walifanya kazi humo?

Watoto wa kiume, ndiyo, kama wanagenzi na wasaidizi. Kampuni ya Morris katika miaka yake ya mwanzo iliajiri wavulana kutoka nyumba ya watoto maskini ya Euston Road, London. Wanawake walikuwa wachache na mara nyingi walizuiwa kufika ngazi za juu. Mary Lowndes aliivunja desturi hiyo: mwaka 1897 alianzisha karakana ya Lowndes and Drury pamoja na Alfred Drury, ambako wasanii wa kujitegemea, wanawake wengi miongoni mwao, waliweza kukodi nafasi na kusimamia kazi yao wenyewe hatua kwa hatua.

Kazi hii ilikuwa na hatari?

Ndiyo. Vumbi na mvuke wa risasi huingia mwilini taratibu, asidi ya kula kioo huunguza hadi kwenye mfupa, na mikono haikosi kukatwa. Kwa anayejifunza leo: nawa mikono kabla ya kula, usilehemu chumba kikiwa kimefungwa, na usiruhusu watoto wadogo kucheza karibu na vipande vya risasi.

## Karakana zinazoulizwa zaidi

Hardman wa Birmingham alianzaje?

John Hardman alikuwa mtengenezaji wa vyombo vya metali vya kanisa. Pugin alikuwa amewajaribu watengenezaji vioo Warrington, Willement na Wailes, asiridhike na yeyote, mwisho akamshawishi Hardman aanze vioo mwaka 1845. Walitengeneza madirisha ya Bunge jipya la Westminster miongoni mwa kazi nyingi. Pugin alipofariki mwaka 1852, akiwa na miaka 40, nafasi ya mchoraji mkuu ilishikwa na John Hardman Powell, mpwa wa Hardman na mkwe wa Pugin. Ukiona madirisha ya Hardman ya miaka ya 1850 yakiendelea na roho ya Pugin, sababu ni huo ukaribu wa kifamilia.

Clayton and Bell walikuwa wakubwa kiasi gani?

Walianza mwaka 1855 na kufikia kilele chao waliajiri watu wapatao 300. Dirisha la magharibi la King's College, Cambridge, la mwaka 1879 ni lao, na kanisa kuu la Truro lina mfululizo wao mkubwa. Karakana yao ilikuwa pia shule: John Burlison na Thomas Grylls walijifunza humo kabla ya kufungua yao mwaka 1868.

William Morris alichangia nini hasa?

Macho yake kwa rangi, kwanza. Kampuni yake ilianza mwaka 1861 katika Red Lion Square, London, na kazi yake ya kwanza kubwa ya vioo ilikuwa kanisa la Watakatifu Wote, Selsley, Gloucestershire. Hapo utaona wachoraji Rossetti, Madox Brown na Burne-Jones, msanifu majengo Webb, na Morris mwenyewe wakifanya kazi bega kwa bega. Hawakupuliza kioo chao. Walikinunua kwa Powell wa Whitefriars.

Mwaka 1877 Morris alianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, na kwa msimamo huohuo kampuni ikaacha kwa kawaida kuweka madirisha mapya katika makanisa ya kale, isipokuwa kwa nadra. Alikataa fedha kwa ajili ya imani yake, na wafanyabiashara wachache wa wakati ule wangethubutu.

Kama una siku moja tu Uingereza, nenda Birmingham, kanisa kuu la Mtakatifu Philip. Madirisha manne ya Burne-Jones yaliwekwa kati ya 1885 na 1897, katika kanisa ambalo yeye mwenyewe alibatizwa humo. Nyekundu ya Hukumu ya Mwisho haisahauliki.

Na Kempe?

Charles Eamer Kempe alipenda kijani kibichi, fedha, na mavazi mazito yenye lulu. Alama yake ni mganda wa ngano. Alipofariki mwaka 1907, kampuni iliendelea chini ya Walter Tower, ambaye aliweka mnara mdogo mweusi juu ya mganda. Ilifungwa mwaka 1934.

## Kulitambua dirisha

Nitajuaje karakana iliyotengeneza dirisha la kanisa letu?

Anza na kona za chini: karakana chache zilitia alama au jina, kama Kempe hapo juu. Nyingi hazikutia chochote. Kwa hiyo hatua ya pili, ambayo ndiyo yenye faida zaidi, ni makaratasi: kumbukumbu za vikao vya parokia, barua za kuomba kibali, stakabadhi, gazeti la eneo lililoripoti uzinduzi. Mtindo uwe ushahidi wa mwisho, maana mafundi walihama karakana moja hadi nyingine wakibeba mkono wao.

Maandishi ya chini yanasema marehemu alifariki 1868. Je, dirisha ni la mwaka huo?

Si lazima. Huo ni mwaka wa kifo. Familia iliweza kungoja miaka mingi, pengine mpaka mjane naye afariki, ndipo ikaagiza dirisha. Kosa hili linarudiwa hata katika vipeperushi vya makanisa.

Mbona sura za watakatifu zimefutika na nguo ziko salama?

Ni msiba mkubwa wa vioo vya enzi hii, hasa kazi za miaka ya 1860 na 1870. Baadhi ya rangi za kupaka zilitiwa boraksi ili ziyeyuke kwa moto mdogo. Ilionekana ni nafuu: kuni na muda viliokolewa. Lakini boraksi hulainishwa na maji, na upande wa ndani wa dirisha hupata umande kila asubuhi ya baridi. Miaka ikapita, mistari ya macho na midomo ikaanza kuoza na kudondoka, wakati rangi ya kioo chenyewe haikudhurika. Nguo zimebaki kwa sababu uzuri wake uko ndani ya kioo. Sura ilitegemea mstari uliopakwa. Hata kazi za kampuni ya Morris zilipatwa.

Je, zinaweza kupakwa upya? Wahifadhi wengi leo hawapaki juu ya kioo cha asili. Hupaka bapa jembamba jeupe na kulisimamisha nyuma yake, ili kazi hiyo iweze kuondolewa siku njia bora ikipatikana.

Madirisha haya ni sawa na ya Tiffany?

La. Louis Comfort Tiffany na John La Farge walifanya kazi Marekani, na tangu miaka ya 1870 na 1880 walitumia kioo chenye ukungu wa maziwa, chenye rangi kadhaa ndani ya bapa moja, ili kioo chenyewe kitoe mkunjo wa nguo bila kupakwa. Tiffany pia aliunganisha vipande vidogo kwa utepe mwembamba wa shaba. Mtu akikuambia ana taa ya mezani ya Victoria kutoka Uingereza yenye maua ya vioo, uliza zaidi kabla ya kutoa fedha.

Afrika Mashariki tunayo yoyote?

Mahali pa kuanzia ni Zanzibar, Kanisa Kuu la Kristo huko Mkunazini, lililojengwa na Askofu Edward Steere mahali palipokuwa soko la watumwa. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873. Humo kuna dirisha la vioo vya rangi linalowakumbuka mabaharia wa Uingereza waliokufa katika doria za kupambana na biashara ya utumwa. Ni desturi ileile ya dirisha la kumbukumbu iliyoelezwa juu, imefika ukanda wetu.

Usidhani kila dirisha la rangi la enzi hiyo hapa kwetu ni la Uingereza. Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, ni kanisa lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani, na Ujerumani ilikuwa na karakana zake zenye nguvu, hasa München, zilizouza madirisha duniani kote. Soma swali la makaratasi hapo juu kabla ya kuamua.

## Utunzaji, na yale yasiyo ya kawaida

Tunaweza kuyaosha wenyewe?

Vumbi la nje, kwa tahadhari kubwa, kwa maji safi na pamba laini, na tu ikiwa mtaalamu ameshathibitisha kwamba rangi imeshika. Upande wa ndani msiuguse. Msitumie sabuni, siki wala dawa ya kusafishia vioo vya nyumbani. Kwenye dirisha lenye tatizo la boraksi, kitambaa kimoja chenye maji kinaweza kuondoa uso uliobaki, na hakuna wa kuurudisha.

Dirisha limejitokeza kama tumbo. Litaanguka?

Si lazima. Risasi huchoka, na baada ya miaka mia au zaidi hulegea, hasa pale nyaya za shaba zilipokatika na paneli haijashikwa na fito. Wakati mwingine kufunga nyaya mpya kunatosha kwa miongo kadhaa. Kufungua dirisha zima na kulifunga kwa risasi mpya ni hatua ya mwisho, maana kila kufungua huvunja vipande. Msilisukume kwa mkono kulinyoosha.

Tuweke plastiki ya kinga kwa nje dhidi ya mawe?

Plastiki hugeuka njano na ukungu kwa jua, na ikizibwa pande zote hufungia joto na unyevu kati yake na kioo, jambo linaloharakisha kuharibika. Wavu wa chuma usio na kutu, uliokatwa kufuata umbo la tundu, ni salama zaidi. Kikihitajika kioo cha kinga, nafasi ya hewa iachwe juu na chini.

Kipande kimoja kimevunjika. Tuweke kipya na kutupa kile?

Msitupe chochote, hata chembe ya ukubwa wa ukucha. Okota vyote, vifunge kwenye karatasi, andika vimetoka paneli ipi, na piga picha tundu. Siku hizi nyufa huunganishwa kwa gundi maalumu, na kipande chenye nyufa tano kilichopakwa mwaka 1870 kina thamani kuliko kipya kisicho na ufa. Wakati mnasubiri fundi, zibeni tundu kwa nailoni iliyofungwa kwenye fito, si kwa gundi juu ya kioo cha jirani.

Kanisa linafungwa au linauzwa. Madirisha yaende wapi?

Kwanza yapigwe picha yote, ndani na nje, kabla ya mtu yeyote kuyagusa. Kisha atafutwe mtaalamu wa kuyashusha, paneli zisafirishwe zikiwa zimesimama wima, kamwe zisilazwe. Uingereza kuna jumba la makumbusho ya vioo vya rangi ndani ya kanisa kuu la Ely, lililoanzishwa mwaka 1972 kwa sababu hiyohiyo: makanisa yalikuwa yakifungwa na madirisha yake yakipotea. Kwingine, kanisa jirani lenye tundu la ukubwa unaokaribiana huwa mahali pazuri kuliko ghala. Na dirisha likihamishwa, karatasi zake zihamishwe nalo, pamoja na majina ya waliolipia.